Mbegu Haishukuriwi

Siku Esteri alipozikwa kule Makere, historia ya marehemu ilisomwa ikaisha kabla watu waliokuwa bado wakiingia hawajapata pa kukaa. Alizaliwa Burundi. Aliolewa na Nduwayezu. Alivuka mpaka na mumewe wakati wa machafuko, wakapokewa huku Buha kwa Waha, baadaye wakawa raia. Alijaliwa watoto wawili, Anania na Vestina. Alikuwa mama wa nyumbani. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mzee wa kanisa akakunja karatasi, akamrudishia Anania, akaomba watu wapishe jeneza lipite.

Vestina alikuwa amekaa mkekani mbele kabisa, na maneno yale yalimchoma kuliko alivyotegemea. Mama wa nyumbani! Yaani mtu anaamka kabla ya majogoo miaka yote hiyo, anachota, anatwanga, anapepeta, anasomesha watoto kwa jembe, anauguza mume mpaka anamzika, kisha maisha yake yanaenea kwenye kipande cha karatasi, tena upande mmoja. Asiyekuwepo na lake halipo. Marehemu hakuweza kunyanyuka akasema, jamani, mbona mmeruka mengi.

Karatasi ile ilikuwa imeandikwa na Anania, kaka yake, mwalimu wa sekondari huko Tabora, mtu wa maneno machache na miwani safi. Vestina alimtupia jicho kali. Lakini tuseme ukweli: hata yeye angepewa nafasi asimame aongeze, angeongeza nini? Yeye alikuwa mtu wa mjini. Alikuwa na duka la vitenge Kibondo, na ulimi wake uliweza kumgeuza mteja aliyekuja kuuliza bei tu akaondoka na doti mbili na tabasamu. Alimjua mama yake kama mtu anavyoujua ukuta wa nyumba alimozaliwa. Alikuwa ameuegemea siku zote, hajawahi kuutazama.

Na alichokikumbuka zaidi kilikuwa kinamuudhi. Kila mwaka mvua zilipokaribia, wanawake walikuwa wakimjia Esteri kwa mlango wa nyuma. Waha, Warundi, wengine wametoka Titye kwa miguu, vumbi jekundu limewafika magotini. Wanasimama jikoni, wanaongea habari za mbuzi, za barabara, za mtoto wa fulani aliyeanza kuota meno. Esteri anaingia chumbani, anatoka amefumba kiganja, anakifumbulia kwenye pindo la kitenge cha mgeni. Mgeni anafunga fundo huku bado yuko kwenye habari za mbuzi, kisha huyo, anaondoka. Hakuna asante. Hata kugeuka nyuma hageuki.

Vestina alipokuwa msichana alichukia sana jambo lile. "Mawe," alimwambia mama yake siku moja, kwa maana ndivyo mama anavyoitwa kwa Kiha na kwa Kirundi vilevile, "hawa watu hawakufundishwa adabu kwao?"

Esteri alicheka mpaka akashika kiuno. "Fukuza kuku," akasema, "wanaingia kwenye unga."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza la maana, anakutuma kazi.

Hata Vestina alipoolewa na kuhamia Kibondo, mama alimjia jioni ya kuagwa na kifurushi kidogo cha kitambaa. Vestina alikitomasa, akahisi maharage, akaangua kicheko. "Mawe, mimi nitapanda wapi? Juu ya kaunta?" Esteri naye akacheka, akakirudisha kifurushi kifuani, wala hakukitaja tena mpaka anakufa.

Na wiki zake za mwisho ndizo zilizomwachia Vestina jeraha. Alikuwa amefunga duka akaja Makere kumuuguza. Siku moja mchana, baada ya kumnywesha uji, akaona asingoje zaidi. Akaushika ule mkono mgumu wa jembe, akaanza, "Mawe, nataka nikuambie asante kwa..."

Hakumaliza. Mgonjwa ambaye asubuhi alishindwa kuinua kijiko aliinua mkono wake mwingine, akamziba binti yake mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza," akasema. "Utaharibu."

"Nitaharibu nini, mawe?"

Esteri akapumua kidogo. "Huko Kibondo," akauliza, "mawingu yameanza kukusanyika?"

Vestina akadhani ni homa inasema. Akajibu kwamba mawingu bado, akatoka nje, akaingia kwenye migomba akalia. Ni vigumu kukataliwa shukrani na mtu ambaye hutampata tena. Mama akafariki, na ile asante ikabaki kooni mwa bintiye kama mwiba wa samaki.

Sasa sikia kilichotokea siku ya pili ya msiba.

Watu walikuja kupita matarajio. Walijaa uani, wakajaa chini ya turubai, wengine wakakaa kwenye matofali yaliyokuwa yamepangwa kwa ajili ya choo kipya. Wazee wa kike walikuwa ndani wakiimba, na kazi ya kupika iliachiwa wasichana. Mchana, mmoja wao akamfuata Vestina. "Dada, maharage yameisha, na watu ndio kwanza wanaingia."

Vestina alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Watu waondoke na njaa msibani kwa Esteri, mwanamke ambaye hakuna mpita njia aliyewahi kupita kwake bila kuulizwa kama amekula! Akaingia chumbani kwa mama, akapiga magoti, akaangaza chini ya kitanda. Kumbukumbu yake haikumdanganya. Kilikuwapo chungu kikubwa, mdomo umefungwa kwa majani ya mgomba na kukandikwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Akakibandua. Ndani, katikati ya majivu, yalikuwa maharage ya kila namna: mekundu, ya njano, meusi yenye jicho jeupe, ya madoadoa kama mayai ya kanga, na mengine ya rangi ya zambarau ambayo hakukumbuka kuyaona sokoni popote.

Mtu mwingine yeyote wa Makere angejua amefungua nini. Lakini Vestina alikuwa amejifunza kuhesabu marobota ya vitenge katika umri ambao wenzake walikuwa wakifundishwa mambo ya chungu. Akiba haiozi, akajisemea, na mama aliiweka kwa siku kama hii. Akawaita wasichana. Wakapepeta majivu, wakaosha, wakachemsha, wakaunga kwa mawese na vitunguu mpaka harufu ikafika barabarani.

Watu wakala. Wakasifu. Anania mwenyewe aliomba aongezewe.

Sahani moja ilipelekwa ndani kwa Ndayisenga. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, amesafiri kutoka Kasanda, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuona mpaka nyuma ya mtu. Akamega tonge la ugali wa muhogo, akachovya, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Vestina," akaita. "Maharage haya yametoka wapi?"

"Kwenye chungu chini ya kitanda cha mawe, mama mdogo." Alisema kwa furaha kidogo, akingoja sifa.

Ndayisenga aliiweka sahani chini polepole, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Nyimbo zikakatika. Wazee wa kike waliokuwa na chakula mkononi wakakitazama.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu," akasema Ndayisenga, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililozidi kutisha. "Umempika mama yako."

Maji yakimwagika hayazoleki. Vestina alikimbilia chumbani, akakipekua kile chungu kwa vidole mpaka chini. Yalikuwa majivu matupu.

Ndipo Ndayisenga alipomketisha akamsimulia lile ambalo karatasi ya Anania ililiruka. Walipokimbia Burundi yeye alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na Esteri alikuwa bibi harusi mpya. Watu walibeba masufuria, walibeba mablanketi, kuna mwanamume alibeba mlango. Mama yao alimfunga Esteri mbegu za maharage kiunoni, kwenye kitambaa, chini ya nguo, mbegu alizopewa naye na mama yake. Njiani wakaishiwa. Njaa ilipowashika sawasawa, Nduwayezu, mume wake mwenyewe, alimwomba wapike japo nusu. Esteri akakataa. Wakamwomba wengine, akakataa. Alisema, "Hiki si chakula. Hawa ni wazazi wangu."

"Akawa analala njaa juu ya maharage," alisema Ndayisenga. "Mimi mwenyewe nililia nikimpiga mgongo kwa ngumi, nikisema nipe. Alichofanya, tulipofika huku kwa Waha, alikwenda kuwalimia watu tangu asubuhi apewe viazi vitamu, nami nikala viazi. Kitambaa kiko kiunoni. Tulipogawiwa kishamba, akapanda. Na alipovuna mara ya kwanza, kabla hajaonja hata punje, alimpelekea mbegu yule mama wa Kiha aliyetupokea. Wewe umezipika mchana mmoja, Vestina, na tumeshiba."

Vestina alitamani ardhi ipasuke. Lakini moyoni, chini ya aibu, kilianza kitu kingine. Alijaribu kumwona mama yake katika umri ule, msichana mdogo kuliko wateja wake wa kitenge cha harusi, ana njaa, ana mtoto wa mama yake mgongoni anayempiga ngumi, na chakula kimemgusa ngozi usiku na mchana. Alijua kwamba yeye angepika siku ya kwanza.

"Sikiliza sasa," akasema Ndayisenga. "Mwanamke wa kwetu akifa, siku ya kuanua matanga mbegu zake zinamiminwa kwenye ungo wake. Wanawake wa nyumba yake wanagawana, mvua ya kwanza ikinyesha wanapanda. Hapo ndipo tunasema mama amerudi shambani. Ungo ukikaa mtupu, basi huyo amekufa kweli. Siku hiyo utawapa nini?"

"Nitawafuata wale aliowapa. Nitawaomba."

"Thubutu! Mbegu ikishatoka nyumbani haiitwi irudi. Ukiiomba inakuja imekufa."

"Na zako, mama mdogo?"

Ndayisenga akatazama pembeni. "Zangu zilisombwa na mvua za mwaka jana, shamba zima. Mwaka huu nilikuwa nije dada anipe nyingine. Nimekuja nimekuta jeneza."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alimlilia Vestina siku zote zilizobaki za matanga. Hakulala vizuri, hakula maharage. Siku ya kuanua ilipokaribia, wazo likamjia ambalo lilimfaa mfanyabiashara: atakwenda soko la Kasulu, atatafuta yanayofanana, atachanganya rangi kwa rangi, atamimina kwenye ungo. Nani angejua? Akapanda gari asubuhi, hakumuaga mtu.

Sokoni alizunguka mpaka wauzaji wakaanza kumcheka. Mekundu yalikuwa tele, ya njano yalikuwapo. Meusi yenye jicho jeupe hakuna. Ya zambarau, muuzaji mmoja alimuuliza kama anatafuta maharage au shanga. Mwishowe akaelekezwa kwa Mwanahawa, mwenye duka la nafaka karibu na msikiti, bibi wa watu wa Ujiji aliyekaa Kasulu tangu ujana wake, anayesemekana hakuna punje asiyoijua.

Mwanahawa alikuwa amekaa juu ya gunia, ushungi umefungwa vizuri, anachambua mchele. Akamtazama mteja mara moja tu.

"Wewe si binti wa Mama Anania wa Makere?"

Vestina alikuwa amejiandalia uongo mzuri kabisa. Lile swali likauvunja. Akakaa juu ya gunia la pili akamweleza bibi yule kila kitu: chungu, majivu, mawese, tonge la Ndayisenga, na hata wazo lake la kuchanganya rangi. Hakuomba kitu. Alikuwa tu amechoka kulibeba peke yake.

Mwanahawa aliacha kuchambua mchele.

"Mimi nililetwa hapa mwari mbichi," akasema. "Jembe nilikuwa nalijua kwa jina. Mume wangu akasafiri, duka likabaki na chumvi na viberiti, na mimi nina kichanga. Siku moja mama yako akaja kununua chumvi. Akanitazama uso, akatazama uwanja wangu wa nyuma umejaa magugu. Hakusema neno. Kesho yake akarudi na jembe lake begani, mwanangu, kutoka Makere mpaka hapa! Akalima uwanja wote ananisimulia habari za kuku wake, kuku huyu mchawi, kuku yule mvivu, akafukia maharage, akaenda zake. Mwaka ule tulikula majani yake, tukala mabichi, tukala makavu, na mbegu nikaweka. Wanangu wote unaowasikia wamekulia hapo."

"Na ulimshukuru vipi?"

Bibi akashtuka kama aliyeulizwa ametukana lini. "Nimshukuru? Mbegu haishukuriwi, mwanangu! Hukuambiwa? Kwetu hatukuwa na jambo hilo, mama yako ndiye aliyenifunza. Ukishasema asante, umelimaliza jambo. Mbegu inasikia kazi yake imekwisha, haioti. Unapokea, unazungumza mengine, unakwenda kupanda, kesho unampa mwingine. Basi."

Vestina akakumbuka mlango wa nyuma na wale wanawake wa Titye. Miaka yote ile alikuwa amewahesabu watovu wa adabu, kumbe walikuwa wakitunza adabu kubwa kuliko aliyoijua yeye. Uso ulimwaka.

Akafungua mkoba. "Bibi, basi niuzie hata haya mekundu."

"Leo hapa hununui maharage." Mwanahawa aliurudia mchele wake. "Nenda nyumbani. Siku ya matanga chukua ungo wa mama yako, uweke uani, ukae karibu nao. Usimwombe mtu."

"Niuweke mtupu?"

"Uweke mtupu. Haya, niambie, hii lami mpya ya Kibondo imefika wapi? Nasikia mabasi yanakimbia kama yanafukuzwa."

Siku ya kuanua matanga kulikucha na ukungu wa baridi, ule unaolala juu ya mihogo mpaka jua lipande. Turubai likashushwa, mikeka ikakung'utwa. Anania alisoma sala. Kisha Ndayisenga akaingia ndani, akatoka na ungo wa Esteri, ule wenye kiraka cha ngozi pembeni, akauweka katikati ya uwanja. Akarudi nyuma, akakunja mikono.

Vestina akakaa kando ya ungo ule mtupu mbele ya ukoo mzima. Watu walijua. Maneno hayana miguu lakini hufika. Jirani mmoja alikohoa, kikohozi cha mtu asiye na kifua. Anania, ambaye hakuelewa sawasawa linaloendelea, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Muda ukapita, tena ukapita. Hakuna aliyesema neno la kumlaumu, na Vestina angependa zaidi watukane.

Ndipo bibi mmoja alipotokea kwa upande wa nyuma, kwenye migomba, amejiinamia, vumbi jekundu limemfika magotini. Alikuwa wa Titye. Vestina alimtambua kwa ule mwendo.

"Amahoro," akasalimu. Akamgeukia Anania. "Hii njia yenu ya nyuma imeota magugu. Mtoto wa kiume yupo na jembe lipo, au mmoja wao mgonjwa?"

Watu wakacheka kwa kushtukizwa. Huku akiendelea kulaumu magugu, bibi akainama, akafungua fundo la kitenge chake, na maharage yakaanguka kwenye ungo, tarara! Meusi yenye jicho jeupe. Akakung'uta pindo, akaenda kukaa kivulini bila kumtazama Vestina.

Nyuma yake alikuwapo mwingine. Huyu alisema mbuzi wake amezaa mapacha. Akamimina. Mwingine akauliza nani amekata ule mparachichi mkubwa wa njiapanda. Akamimina. Vestina aliinua macho kuangalia wanaisha lini, na alichokiona kikamfanya ashike ardhi kwa mikono miwili. Walikuwa wamejipanga kupita migomba, kupita kisima, mpaka barabarani, na barabarani gari aina ya pikapu lilikuwa likishusha wengine. Wa ushungi na wa vilemba, vikongwe na wasichana, mmoja juu ya baiskeli ya mumewe.

Mwanahawa alishuka kwenye pikapu lile na wenzake wa Kasulu. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kitambaa. Alilimimina lote huku akilalamika kwamba dereva anaendesha kama amebeba magogo. Humo yalikuwamo ya zambarau.

Mwanamke mmoja Mkongo, mkimbizi wa kambini, amefunga kitenge cha maua makubwa, alifika akihema. "Mimi nalitoka ku kambi asubui," akasema. "Leo njia iko na vumbi mingi, ee Mungu!" Alikuwa na punje chache tu kwenye mfuko wa nailoni. Alizihesabu kwa macho, akazitia zote, hakujibakizia hata moja.

Na alikuja msichana mwenye mtoto mgongoni, akasimama mbele ya ungo akiona haya. Ndayisenga akamuuliza alimfahamu vipi marehemu.

"Simjui, bibi," akasema. "Sijawahi kumwona hata siku moja. Mimi nilipewa na mama mkwe. Yeye alipewa na jirani yake kule tulikohamia, na huyo jirani alipewa na mwenzake wa kanisani. Tulisikia tu kwamba nyumba mbegu hizi zilikotoka ina ungo mtupu." Akakumbuka adabu yake, akaongeza haraka, "Huyu mtoto ananisumbua, anaota meno."

Ungo ukajaa. Ukaletwa wa jirani, nao ukajaa. Vestina akavua kitenge cha juu alichojifunga, kile kizuri alichokichagua mwenyewe dukani, akakitandika chini, na maharage yakaendelea kuanguka. Mama wa nyumbani! Wala haikuwa uongo, ndivyo alivyokuwa, hakuwahi kuwa kitu kingine. Ila nyumba yenyewe ilikuwa kubwa kiasi hiki, imefika Titye na Kasulu na kambini na kwa watu wasiojua hata jina lake, na yeye binti yake wa kuzaa alidhani inaishia kwenye ua wa matete. Anania alisimama pembeni, miwani mkononi, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Akaingiza mkono mfukoni akaitoa ile karatasi ya historia ya marehemu, akaiangalia, akairudisha. Kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, dada yake alimhurumia.

Mstari ulipokwisha, macho yote yalimwelekea Vestina. Alisimama. Shukrani zilikuwa zimemjaa, akafungua mdomo, na "a" ya kwanza ikatoka.

Ndipo akahisi kiganja. Kiganja kigumu, chenye sugu, kinanukia majivu, kimemziba mdomo kama siku ile kitandani. *Nyamaza. Utaharibu.* Na swali lililofuata, ambalo alidhani ni la homa: mawingu yameanza kukusanyika? Mama hakuwa amemkataa. Alikuwa amemfanyia kama alivyowafanyia wote waliosimama pale uani. Vestina naye alikuwa amemiminwa kwenye pindo la dunia, akaachiwa akaote.

Akaimeza ile "a". Akafuta uso kwa mkono mzima. "Asubuhi hii," akasema, sauti inakwaruza, "naona mawingu yameanza kukusanyika."

"Yameanza," wakajibu wanawake wote kwa pamoja, na pale kivulini yule bibi wa Titye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mbegu ziligawanywa mchana ule. Ndayisenga alipata zake za Kasanda. Kila aliyeleta kiganja aliondoka na kiganja kilichochanganyika na cha wenzake, na yule wa kambini alifungiwa fundo kubwa kuliko la mtu yeyote. Mwisho kabisa akabaki Vestina. Ndayisenga akachota kwa mikono miwili, akamsogelea.

"Utapanda wapi?" akauliza, jicho lake likicheka. "Juu ya kaunta?"

Kumbe alihadithiwa! Vestina akatandaza pindo lake. Nyuma ya duka kule Kibondo kulikuwa na kipande cha ardhi alichokuwa akitupia maboksi; alishakiona tayari kimelimwa. Maharage yakashuka kwenye kitenge, mazito kuliko alivyodhani. Alifunga fundo, akalikaza kwa meno, na machozi yakiwa yanamdondoka kidevuni akasema, "Mama mdogo, fukuza kuku. Wanaingia kwenye unga."

Kesho yake, kabla ya kwenda kupanda basi, alipita kaburini peke yake. Udongo ulikuwa bado mwekundu na maua ya karatasi yalikuwa yameanza kupauka. Alikuwa na mengi. Akasimama pale mpaka yakatulia, mkono mmoja juu ya fundo kiunoni.

"Mawe," akasema, "nasikia Kibondo imenyesha."

Kisha akaondoka, na hakugeuka nyuma.